Neno Halifi kwa Kusahauliwa na Wasomi: Funzo la Kitenzi "Thole"

Penye wazee haliharibiki neno. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa inahusu hekima ya wazee katika kukata mashauri, na "neno" ndani yake hueleweka kuwa ni jambo. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mwanafunzi wa lugha kuisoma kwa maana yake ya wazi: kwamba neno, lile linalotamkwa kwa ulimi na kusikika kwa sikio, haliharibiki maadamu wapo wazee wanaolitumia. Usomaji huu unaweza kuonekana kuwa ni mchezo tu wa maana. Ithibati yake, lakini, inapatikana mbali na pwani ya Afrika Mashariki, katika historia ya kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho wengi wa wasemaji wa lugha hiyo leo hawajapata kukisikia.

Kitenzi hicho ni thole. Maana yake kwa ufupi ni kuvumilia. Kuibeba dhiki isiyoepukika mpaka ipite. Mwanafunzi wa Kenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu anaweza kumaliza masomo yake yote asikutane nacho hata mara moja. Katika Kiingereza sanifu kitenzi hiki kimehesabiwa kuwa cha kale kwa muda mrefu. Katika vijiji vya Uskoti na vya Ireland ya Kaskazini, kwa upande mwingine, kimeendelea kutumika muda huo wote, jikoni, shambani na hata mahakamani. Makala haya yanashikilia kwamba safari ya kitenzi hiki ina funzo zito kwa wanaojishughulisha na Kiswahili: neno haliwi mfu kwa sababu wasomi wameacha kulitumia, na anayetaka kujua iwapo neno limekufa hana budi kuwauliza wasemaji kabla ya kuuliza vitabu.

Asili ya Kitenzi na Jamaa Zake

Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyozungumzwa Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kitenzi hiki kiliandikwa þolian. Herufi ya kwanza, ambayo haimo tena katika alfabeti ya Kiingereza, iliwakilisha sauti ile ile inayosikika mwanzoni mwa neno la Kiswahili "thamani". Kilikuwa na maana kadhaa zilizoishi pamoja. Kwanza, kilimaanisha kuteseka au kufikwa na dhiki. Pili, kilimaanisha kushikilia bila kukata tamaa, kama askari anayebaki mahali pake vitani wenzake wanapoanguka. Tatu, katika matini za kisheria, kilimaanisha kupoteza: mkosaji aliyehukumiwa kunyang'anywa mali yake alielezwa kwa kitenzi hiki hiki. Maana hizi tatu zinakutana mahali pamoja, kwani katika kila moja mtu amefikwa na jambo ambalo hana uwezo wa kulikataa.

Wanaisimu historia wameonyesha kuwa þolian hakikuwa kitenzi kikiwa. Katika jamii ya lugha za Kijerumaniki kina ndugu zake: Kigothi kilikuwa na þulan, Kinorse cha Kale þola, na hadi leo Kijerumani kina dulden kwa maana ya kuvumilia na Geduld kwa maana ya subira. Katika ukoo mpana zaidi wa lugha za Kihindi-Kiulaya, jamaa zake ni pamoja na vitenzi vya Kilatini tollere, "kuinua", na tolerare, "kustahimili". Kigiriki kilikuwa na talanton, "mizani", na Kisanskriti kilikuwa na tulā, pia "mizani". Mzizi unaoyaunganisha maneno haya yote ulihusu kuinua, kubeba na kupima uzito.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapogundua kuwa jamaa mmoja wa kitenzi hiki amekwisha kuhamia nyumbani kwake. Neno "talanta", linalofahamika hasa kupitia Biblia, limetokana na talanton ya Kigiriki. Mizani ilizaa kipimo cha uzito, kipimo kikazaa kiasi cha fedha, na kutokana na mfano wa watumwa waliokabidhiwa fedha na bwana wao katika Injili ya Mathayo, fedha ikazaa maana ya kipawa alichojaliwa mtu. Leo mwanafunzi akisifiwa kuwa ana talanta ya ushairi, anasifiwa kwa neno ambalo lina undugu na kitenzi cha Waskoti cha kuvumilia mateso. Jambo hili linaonyesha umbali ambao maana inaweza kusafiri bila mzizi kukatika.

Kufananisha uvumilivu na kubeba mzigo si jambo la lugha za Ulaya peke yake. Kiswahili kilipokopa "stahimili" na "himili" kutoka Kiarabu, kilikopa mzizi wenye maana ya kubeba; mzizi huo huo ndio uliotupatia "hamali", yule anayebeba magunia bandarini. Na kwa upande wa mizizi ya Kibantu, kitenzi "chukua", ambacho siku hizi hutumika mno kwa maana ya kutwaa, bado kinaihifadhi maana ya kubeba katika "chukuliana", yaani kuvumiliana. Kwa hiyo mtu anayetaka kuitafsiri thole kwa Kiswahili hapungukiwi na maneno. Anachohitaji ni kuchagua, na uchaguzi wake utategemea kama anamwona mvumilivu akiwa amebeba mzigo, akiwa anangoja, au akiwa amejikaza kimya.

Jinsi Kitenzi Kilivyofukuzwa Mjini

Baada ya mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala wa Uingereza, na maneno mengi ya lugha hiyo yakaingia katika Kiingereza kwa karne zilizofuata. Miongoni mwa wageni hao walikuwamo suffer na endure, vitenzi viwili vilivyokuja kuchukua kazi ya thole. Suffer chenyewe kilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubeba, na endure kilitokana na neno lenye maana ya kuwa mgumu. Kwa muda mrefu wenyeji na wageni waliishi pamoja. Katika maandishi ya kidini ya Kiingereza cha Kati, mateso ya Yesu msalabani yalielezwa mara nyingi kwa thole, na mtu mwenye subira aliitwa kwa kivumishi kilichoundwa kutokana na kitenzi hicho.

Katika kipindi hicho maana yake ilipanuka pia. Thole kilianza kumaanisha kuruhusu. Mabadiliko haya hayashangazi, kwa kuwa anayelivumilia jambo bila kulipinga ni kama amelipa ruhusa. Suffer nacho kilipitia njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 kitenzi hicho kinatumika pale ambapo Yesu anaagiza watoto waachwe waende kwake. Kiswahili kina mfano wake. "Subiri" kinatokana na neno la Kiarabu la uvumilivu mbele ya dhiki, lakini mwenye duka anapomwambia mteja "subiri kidogo", hamtakii mateso, anamwambia angoje. Vitenzi vya uvumilivu vina tabia ya kulegea kadiri vinavyotumika.

Hatimaye Kiingereza cha London na maeneo yaliyouzunguka ndicho kilichokuwa msingi wa lugha sanifu. William Caxton alipoanzisha mtambo wa kwanza wa uchapishaji nchini Uingereza, huko Westminster mwaka 1476, maneno ya sehemu hiyo yalipata nafasi ambayo maneno ya kaskazini hayakuipata. Thole kikasukumwa pembeni. Kejeli ya historia ni kwamba katika karne ya 16 wasomi wa Kiingereza walikwenda Kilatini kuazima tolerate, jamaa ya damu ya kitenzi walichokuwa wakikiacha kife mikononi mwao. Walimfukuza mwenyeji kwa kuwa alionekana mshamba, kisha wakamkaribisha binamu yake kwa kuwa alivaa joho la kigeni.

Kitenzi Mashambani na Mahakamani

Kule kaskazini hali ilikuwa tofauti. Kiskoti, lugha iliyokua kutokana na Kiingereza cha Kale cha kaskazini, kiliendelea kukitumia kitenzi hiki bila aibu. Robert Burns alikitumia katika shairi lake maarufu la mwaka 1785 linalomhusu panya ambaye kiota chake kimebomolewa na jembe la mkulima. Kinachomkabili panya huyo ni baridi ya kipupwe ambayo sasa hana budi kuivumilia bila makao. Burns hakukitumia kitenzi hiki kama pambo la kale. Alikuwa mtoto wa mkulima, na hilo lilikuwa neno la wakulima wa kwao.

Mahakamani, thole kilijipatia maana mahususi. Katika sheria ya Uskoti, mtu aliyekwisha kusimamishwa mbele ya mahakama kwa kosa fulani na kesi yake ikafikia mwisho husemwa kuwa "amethole" baraza lake, yaani ameyapitia mashtaka na kuyabeba hadi mwisho. Kwa hiyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo hilo. Maana hii inashangaza kwa namna inavyogeuza mateso kuwa kinga. Kile alichokivumilia mshtakiwa ndicho kinachomlinda baadaye.

Kinga hiyo iliguswa katika miaka ya karibuni. Mwaka 2011 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria iliyoiandika kanuni hiyo rasmi na papo hapo kuiwekea mipaka, ikiwa ni pamoja na kuruhusu kesi mpya pale unapopatikana ushahidi mpya wenye uzito. Mwaka 2014 Angus Sinclair alitiwa hatiani kwa mauaji ya wasichana wawili yaliyotokea mwaka 1977, ilhali kesi yake ya kwanza ilikuwa imevunjika mwaka 2007. Kwa hiyo kitenzi ambacho London ilikuwa imekizika zamani kilihusika, katika karne ya 21, katika swali la iwapo mtu anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Ni vigumu kukiita mfu.

Katika mazungumzo ya kawaida nako kimeendelea kubadilika. Mskoti anaweza kusema kuwa hawezi "kumthole" jirani yake, akiwa na maana kwamba hamstahimili hata kidogo, kama vile Mswahili asemavyo kuwa hamvumilii mtu fulani. Maana imetoka katika mateso ya msalaba ikafikia karaha ya kila siku. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria iliyoipa lugha ya Kiskoti hadhi rasmi pamoja na Kigaeli. Lugha iliyodharauliwa kwa karne nyingi kuwa ni Kiingereza kibovu imeingia katika vitabu vya sheria, na thole imo ndani yake.

Shangazi wa Mshairi

Mwanzoni mwa karne ya 17, utawala wa Uingereza uliwahamishia walowezi wengi kutoka Uskoti na Uingereza hadi Ulster, kaskazini mwa Ireland. Waskoti walivuka bahari na lugha yao. Wenyeji waliokuwa wakizungumza Kiayalandi, na ambao walinyang'anywa ardhi, baada ya vizazi kadhaa walijikuta wakikitumia Kiingereza kilichojaa maneno ya walowezi hao. Thole lilikuwa mojawapo.

Seamus Heaney, mshairi aliyezaliwa mwaka 1939 katika familia ya wakulima wa Kikatoliki huko kaunti ya Derry, na aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1995, ameisimulia habari ya kitenzi hiki katika utangulizi wa tafsiri yake ya Beowulf iliyochapishwa mwaka 1999. Beowulf ni utenzi wa Kiingereza cha Kale wenye mishororo 3,182, na kwa wanafunzi wengi wa Kiingereza ni matini ngumu na ngeni. Heaney anaeleza kwamba alipokuta þolian katika faharasa ya toleo la kitaaluma, kwanza herufi yake ya ajabu ilimfanya kulichukulia kuwa neno la kigeni. Kisha akatambua kuwa alikuwa amelisikia tangu utotoni. Shangazi yake alikuwa akilitamka alipozungumzia familia iliyofiwa ghafla: hawakuwa na njia nyingine ila kujifunza kuvumilia.

Uzito wa tukio hilo unatokana na mazingira yake. Heaney alikulia katika jamii iliyogawanyika kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, mahali ambapo hata lugha ilichukuliwa kuwa mali ya upande mmoja. Kwa kijana wa Kikatoliki, Kiayalandi kilikuwa lugha iliyoporwa na Kiingereza kilikuwa lugha ya aliyepora. Lakini hapa palikuwa na neno la Kiingereza cha Kale, lililopitia kwa walowezi wa Kiskoti, likakaa kinywani mwa mwanamke wa Kikatoliki wa shambani kana kwamba lilizaliwa humo. Kwa Heaney, ugunduzi huo ulimfungulia mlango wa kuitafsiri Beowulf kama mtu mwenye haki nayo. Tena aliliingiza neno lenyewe katika aya za mwanzo za tafsiri yake, pale yanapotajwa mateso ya Wadenmarki walipokuwa hawana kiongozi. Cha kuzingatia ni kwamba matini asilia mahali hapo haina þolian. Ina kitenzi kingine cha kuteseka. Heaney hakulinakili neno kutoka kwenye matini. Alilitoa nyumbani kwao akalipeleka kwenye matini.

Msomaji atazame mpangilio wa mambo hayo. Msomi alikuwa na faharasa, toleo la kitaaluma na elimu ya chuo kikuu. Aliyekuwa na neno likiwa hai ni shangazi. Lau Heaney angelikuwa na vitabu peke yake, angeliandika pembeni mwa þolian kuwa ni neno la kale, nalo lingebaki hivyo katika daftari lake.

Tahadhari Moja

Kabla ya kuligeukia suala la Kiswahili, ni vyema itajwe tahadhari. Kiingereza kina thole nyingine, nomino inayomaanisha kigingi kinachotiwa ukingoni mwa mashua ili kushikilia kasia. Mtu mwenye haraka angeweza kudai kuwa kigingi hicho kimeitwa hivyo kwa sababu kinavumilia nguvu za mpiga makasia. Dai hilo lingependeza masikioni, na lingekuwa la uongo: maneno hayo mawili yana asili tofauti, na yamefanana kwa bahati tu. Etimolojia inayojengwa juu ya mfanano wa sauti peke yake ni hadithi ya kubuni. Tahadhari hii inawahusu pia wale wanaoyakatia maneno ya Kiswahili nasaba ya Kiarabu au ya Kibantu kwa kuyasikiliza mara moja tu.

Kiswahili na Orodha ya Marehemu

Kiswahili sanifu kilizaliwa kwa njia inayofanana na ya Kiingereza, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikichukua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kimvita, Kiamu na lahaja nyinginezo za kaskazini, ambazo zilikuwa zimebeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, zilijikuta pembeni kama Kiskoti kilivyojikuta mbele ya Kiingereza cha London. Haitakuwa haki kuilaumu kamati hiyo kwa kuchagua. Shule na magazeti ya nchi nne yalihitaji lugha moja. Kosa lilianza pale ambapo kilichoachwa kwa ajili ya urahisi kilianza kuhesabiwa kuwa kimekufa.

Tuchukue kitenzi -amba, chenye maana ya kusema. Mwanafunzi wa leo akikikuta katika utenzi, atakiandikia kuwa ni cha kale. Lakini mwanafunzi huyo huyo hawezi kumaliza ukurasa mmoja wa insha bila kukitumia. "Ambia" ni -amba katika kauli ya kutendea. "Kwamba" ni kitenzi hicho hicho kilichogeuka kuwa kiunganishi. "Ambaye", "ambacho" na "ambalo" zimejengwa juu ya shina lake. Kitenzi kimeizaa nusu ya sarufi ya sentensi ambatano na changamano za Kiswahili, kisha wajukuu zake wanakiita marehemu. Na kwa wasemaji wa lahaja za kaskazini, si marehemu: mtu anaweza kumuuliza mwenziwe "waambaje?" bila kudhani kuwa anatunga shairi.

Hali ya -ima, kwa maana ya kusimama, ni kama hiyo. Kiswahili sanifu kimekiacha kitenzi, kikabaki na "wima" kama yatima asiyejulikana wazazi wake. Mwalimu humfundisha mtoto kuwa "simama wima" ni msisitizo, asimwambie kuwa maneno hayo mawili yanasema jambo lile lile. Mtoto wa Lamu anayemsikia bibi yake akisema "kwima" analo jibu ambalo kitabu chake cha sarufi hakina. Lakini akiliandika katika mtihani, kuna hatari kubwa kwamba kalamu nyekundu italipitia, na mtoto atajifunza kwamba lugha ya bibi yake ni kosa. Hilo ndilo linalohatarishwa katika mjadala huu. Neno linaweza kustahimili kuachwa nje ya lugha sanifu kwa karne nyingi, kama thole ilivyoonyesha. Haliwezi kustahimili kizazi kimoja cha watoto wanaoona aibu kulitamka.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba lugha sanifu ina mipaka, na kwamba kila mwanafunzi akiandika kwa lahaja yake mawasiliano yatavurugika. Hoja hii ina uzito, na makala haya hayapendekezi mtihani usio na kipimo. Kinachopendekezwa ni kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa: neno ambalo halimo katika usanifu, na neno ambalo halimo tena duniani. Mwalimu anayeandika pembeni mwa daftari "hili ni la Kiamu, sanifu yake ni kusimama" amesahihisha bila kudharau. Anayeandika "hakuna neno kama hili" amesema uongo.

Wengine watasema kwamba maneno ya kale yanatumika sana, tena kupita kiasi, katika insha za shule: kila mwanafunzi anaanza na "wahenga waliamba". Ni kweli, na hapo pana somo jingine. Mwanafunzi huyo hakulipata neno kwa mzee yeyote. Alilikariri kutoka katika orodha ya msamiati wa kupamba insha, na analitumia kama mtu anayevaa kanzu ya kuazima siku ya mahafali. Neno lililohifadhiwa kuwa pambo haliishi. Limewekwa kwenye kabati la kioo. Shangazi wa Heaney hakuitamka thole ili kupewa alama. Aliitamka kwa sababu kulikuwa na msiba, na hakukuwa na neno lililofaa zaidi.

La Kufanya

Kazi inayowakabili wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili inaeleweka. Kamusi zitenganishe alama ya "kale" na alama ya "lahaja", na zisilitie neno alama ya kwanza kabla ya kuthibitisha kuwa limekosekana vinywani. Kielelezo kipo. Kamusi ya Krapf iliyotoka mwaka 1882 ilijengwa zaidi juu ya Kimvita, na ile ya Sacleux ya mwaka 1939 ilijitahidi kuonyesha kila neno ni la lahaja gani. Itakuwa fedheha iwapo wamisionari wa Kizungu watakuwa wamewasikiliza wazee wa pwani kwa makini zaidi kuliko wajukuu wa wazee hao wenye shahada.

Aidha, mwanafunzi anayetoka Lamu, Mombasa, Pate au Vanga asiingie darasani akiwa ameiacha lahaja yake langoni. Anayoyajua kutoka kwao ni data ambayo mwenzake wa bara angehitaji mwaka mzima wa utafiti wa nyanjani kuipata. Na mwanafunzi wa bara, ambaye hana bibi wa pwani, anao bibi wa lugha nyingine ya Kibantu. Akikikuta katika lugha ya mama yake kitenzi kinachofanana na kile kilichoachwa na Kiswahili sanifu, atakuwa amepata uzi wa kuufuata, mradi akumbuke kigingi cha mashua na asikate nasaba kwa haraka.

Kitenzi thole kiliwavumilia Wanormani, kikawavumilia wachapishaji wa London, kikawavumilia wasomi waliokwenda kuazima kwa Walatini. Kilichokiokoa ni watu wasio na cheo cha kitaaluma ambao walikihitaji ili kuzungumzia baridi, deni, ugonjwa na kifo. Wazee wa aina hiyo wapo pwani ya Kenya hadi leo, na idadi yao inapungua kila mwaka. Methali inasema penye wazee haliharibiki neno. Haisemi lolote kuhusu siku watakapokuwa hawapo, na hapakuwa na kijana aliyeketi kuwasikiliza.